Chuma Nacho Hushuhudia

Gari liendalo porini likipinduka, watu husema upesi, "Dereva alilewa." Jirani yetu mmoja alipoteza kazi kwa maneno hayo, na ekseli iliyokatika ikauzwa kama chuma chakavu kabla ya mtu kuitazama. Sisi twaona ya kuwa hapo shahidi alifukuzwa.

Maana ekseli ichokayo kwa mashimo ya njia huanza kwa ufa mwembamba. Ufa hukua kidogo kidogo, ukiacha mistari iliyopinda kama ile iachwayo na mawimbi mchangani. Mistari hiyo ni ishara ya kwamba ubovu ulitangulia siku ya ajali. Ile ikatikayo kwa dharuba moja haina mistari hiyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya gari la moshi ilikatika, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye wataalamu wakaufuatia uchovu huo wa chuma.

Basi, ndugu, ajali ikitokea yatupasa kuvitunza vipande: tusivisugue, wala tusiviunganishe tena, alama zisije zikafutika. Mwenye kuhukumu na awasikie mashahidi wote, hata wasio na ulimi.