Hema Chini ya Misonobari



Katika mitaa yetu ya Mji wa Kale hema lina siku zake maalumu. Huwambwa mbele ya mlango wakati wa arusi au matanga, na shughuli ikimalizika likakunjwa. Wazee wetu waliojaaliwa kwenda Hija wamelala katika mahema ya Mina, na wakirudi huyataja pamoja na ibada yenyewe. Lakini mtu kutoka katika nyumba ya mawe yenye feni na kitanda, akalipa nauli ya ndege, kisha akalala ndani ya kitambaa kwa ajili ya mapumziko: hilo lahitaji maelezo. Tumelieleza barazani mara nyingi tangu tuanze kupanga safari ya Agosti ya kusini mwa Ufaransa. Tumeona tulieleze na hapa, kwa kuwa familia kadhaa zenye jamaa huko zimetuuliza.

Jamaa zetu wako Marseille. Wasomaji wenye asili ya Ngazija hawatashangaa, kwani mji huo wa bandari una Wakomoro wengi. Wa mwanzo walikuwa mabaharia wa meli za Kifaransa zilizopita katika bahari yetu, na baada ya uhuru wa Komoro mwaka 1975 idadi yao ikazidi. Ami yetu alifika huko kwa njia hiyo ya ubaharia, akaoa, akapata watoto na wajukuu. Sasa ni mtu mzima sana, na daktari wake amemkataza kupanda ndege. Dada yake wa tumbo moja, shangazi yetu, yuko hapa Mombasa. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa katika matanga ya mama yao. Watoto wa pande mbili wanajuana kwa picha za simu tu, na wale wa huko Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Twataka kuunga udugu huu wakati wenyewe wangali hai.

Nyumba ya ami ina vyumba viwili na iko ghorofa ya nne. Hoteli ingetutawanya wawili wawili, kila mmoja na mlango wake na ufunguo wake, pasipo mahali pa kupika wala pa kukaa pamoja hadi usiku. Kambi za mapumziko hukodisha viwanja. Mpangaji hupewa nafasi ya hema, mahali pa gari, umeme akiutaka, na vyoo na bafu vya kutumia pamoja na wengine. Nyingi zina pia vibanda vya mbao vyenye vitanda na jiko. Tumechagua viwanja viwili vinavyopakana, na kando yake kibanda kimoja cha wazee. Shangazi halali chini. Hilo lilikubaliwa kabla ya jambo jingine lolote kujadiliwa.

Wenyewe Wafaransa hawaoni hema kuwa alama ya ufukara. Mwaka 1936 serikali yao iliwapa wafanyakazi likizo ya malipo ya wiki mbili, na watu wa viwandani ambao hawakuwahi kuiona bahari wakateremka kwa treni na baiskeli, wamejitwika mahema. Leo likizo hiyo ni wiki tano, na sehemu kubwa ya nchi huitumia Julai na Agosti, ikielekea kusini. Ndiyo maana anayengoja mpaka shule zetu zifungwe ndipo atafute nafasi hataipata. Tulianza mapema mwakani. Kwenye hesabu ya gharama kumbukeni ushuru wa mgeni, ambao hutozwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Walio chini ya miaka 18 hawaulipi. Wala asidhani mtu kuwa atapiga hema popote apatapo kivuli. Sheria yakataza ufukweni mwa bahari, katika sehemu za mandhari zilizohifadhiwa, na ndani ya mita 200 za mahali panapotekwa maji ya kunywa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Calanques, iliyo ubavuni mwa Marseille, ni marufuku kabisa.

Kituo chetu kikuu kitakuwa Fréjus, mji mkongwe ulio kilomita 150 hivi mashariki ya Marseille. Una magofu ya Warumi, misonobari inayonuka utomvu jua likiwaka, na kambi za kila daraja. Lakini hatukuuchagua kwa hayo. Katika vita vya kwanza vya dunia, askari wa Kiafrika walioitwa Wasenegali, ingawa walitoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, walikuwa wakifa kwa baridi ya kaskazini. Mwaka 1915 ikaamuliwa wateremshwe Fréjus wakati wa kipupwe, na kambi zao zikaenea katika viunga vya mji. Miaka kumi na kitu baada ya vita, wenzao waliokuwa katika kambi hiyo walijenga kwa saruji mfano wa msikiti mkuu wa Djenné, wa nchi ya Mali, wakaupaka rangi nyekundu ya udongo. Jengo hilo, liitwalo Missiri, lingali limesimama kati ya misonobari, na tangu 1987 limo katika orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa.

Twataka watoto wetu na wale wa Marseille wasimame hapo pamoja. Wale wa huko wamezoea kuulizwa shuleni wametoka wapi. Ni vyema waone kwamba Mwafrika aliyetamani msikiti wa kwao alikwisha kulala katika ardhi hii karne moja kabla yao, tena kwa kuitumikia. Na tarehe 15 Agosti 1944 majeshi ya ukombozi yaliposhuka katika pwani hii hii, askari wengi wa upande wa Ufaransa walitoka Aljeria, Moroko na Afrika Magharibi. Marseille, mji wa ami, ilikombolewa kabla ya mwezi huo kwisha. Tarehe hiyo tutakuwa huko, inshallah.

Kutoka Fréjus tutapanda bara siku mbili hadi ziwa la Sainte-Croix, chini ya korongo la Verdon, ambalo kuta zake za mawe hufikia kina cha mita 700. Ziwa hilo limetengenezwa na watu. Kijiji cha Les Salles kilibomolewa na bonde likafurikishwa katika miaka ya 1970, kisha wenyeji wakajengewa kijiji kipya ukingoni, chenye jina lile lile. Maji yake ni ya rangi ya feruzi. Usiku kuna ubaridi hata Agosti, na mablanketi tunayoyadharau hapa yatahitajika.

Upande wa magharibi liko daraja la Pont du Gard, lililojengwa na Warumi kupitishia maji ya kwenda Nîmes, lenye urefu wa karibu mita 49 kwenda juu. Twapita haraka juu ya daraja, kwa maana vitabu vya wageni vimelijaza kurasa. Nîmes yenyewe ina jambo lisilotajwa sana. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza uchunguzi wa makaburi matatu yaliyofukuliwa humo, ya zama za kati ya karne ya saba na ya tisa. Maiti walilazwa kwa ubavu wa kulia, nyuso zikielekea kusini-mashariki, yaani kibla. Waislamu waliishika Narbonne, mji usio mbali na hapo, kuanzia mwaka 719 hadi 759, na yaelekea waliozikwa Nîmes ni wa enzi hiyo. Makaburi hayo yalikuwa ndani ya eneo la mji, si pembeni mwake. Hatutaona kitu juu ya ardhi, lakini kuwasomea Fatiha hakuhitaji jiwe la kaburi.

Kwa kutaja kibla, wazazi waangalie jambo hili. Mombasa na Makka ziko karibu sawasawa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo watoto wetu wamezoea kuwa kibla ni kaskazini. Kusini mwa Ufaransa ni kusini-mashariki, ikielemea zaidi mashariki. Tutawapa dira na kuwaachia wao kazi ya kukitafuta kila tuhamapo. Nyakati nazo zitawashangaza. Mwanzoni mwa Agosti jua huzama huko karibu saa tatu kasorobo ya usiku, na Isha huingia saa nne au baadaye, kwa kufuata hesabu ya msikiti ulio karibu. Katika kambi nyingi saa nne ndiyo saa ya kunyamaza. Muziki huzimwa na magari hayaruhusiwi kupita. Kwa hiyo adhana itakuwa ya ndani ya hema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha jirani wa kitanda. Kutawadha si tabu, maji yapo, ila si adabu kupandisha mguu katika sinki linalotumiwa na watu kuoshea nyuso. Chukueni kopo la plastiki. Litafaa chooni pia, ambako wenyeji hutumia karatasi peke yake.

Jambo la moto ndilo tulilozungumza na vijana kwa ukali. Msitu wa pwani hii hukauka wakati wa joto mpaka ukawa kama kuni za tanuri, na kila mwaka kuna mahali panapoungua. Kuwasha moto msituni au ndani ya mita 200 za msitu ni kosa. Wakati wa kiangazi serikali za majimbo hutoa ramani kila jioni, kuonyesha misitu itakayofungwa kesho yake, na mwenye kutaka kutembea sharti aitazame. Basi mishkaki ya makaa mbele ya hema haipo. Kambi nyingine zina jiko moja la kuchomea la wote, lililojengwa mbali na miti. Penginepo ni jiko la gesi tu, na hapo nyama itakaangwa na mtu atashukuru.

Kinachozidisha hatari hiyo ni upepo. Sisi tuna kusi na kaskazi, ambazo baharia hupanga nazo mwaka wake. Wao wana mistral, upepo mkavu wa kaskazini unaoteremka kwa bonde la mto Rhône na kuweza kupita kilomita 100 kwa saa, siku mbili, tatu au zaidi, huku mbingu ikiwa safi bila wingu. Hema la bei nafuu hupasuka. Tumemwomba mwana wa ami anunue vigingi virefu vya chuma, na mlango wa kila hema tutaupa kaskazini mgongo. Nambari ya dharura ni 112. Kila mtoto ameihifadhi kichwani.

Chakula hakitusumbui. Maduka ya nyama halali yapo Marseille na katika miji mingi ya pwani hiyo, na mkate, samaki, tikiti na zeituni hazihitaji fatwa. Uangalifu ni katika michuzi iliyotiwa mvinyo na vipande vya nguruwe vinavyofichwa katika vyakula vya unga. Nice wana socca, mkate mpana wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni, uliochomwa tanurini. Shangazi alipoelezwa alisema hiyo ni bajia iliyokosa vitunguu.

Limebaki la mavazi. Katika mabwawa ya kuogelea ya kambi, mwanamume hatakiwi kuingia na kaptura pana. Husisitizwa nguo fupi ya kubana, kwa hoja ya usafi wa maji. Mavazi ya kufunika mwili mzima nayo hukataliwa katika mengi. Sisi tumetafuta kambi ndogo isiyo na bwawa. Baharini mambo ni tofauti: Agosti 2016 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ilisimamisha marufuku iliyowekwa na mji wa Villeneuve-Loubet, karibu na Nice, dhidi ya mavazi hayo ufukweni. Hijabu na buibui havina kizuizi njiani. Ninja ina kizuizi. Sheria ya mwaka 2010 yakataza kufunika uso mahali pa hadhara, na faini yake hufikia euro 150.

Shangazi yetu amevaa ninja miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Hatukumficha sheria hii, wala hatukumwambia la kufanya. Alikwenda kwa ustadhi wake, akaelezwa kuwa wanavyuoni wamehitilafiana katika suala la uso na kwamba uamuzi ni wake. Kijana mmoja alishauri avae barakoa ya hospitali. Shangazi alimjibu kuwa yeye si mgonjwa. Ndani ya nyumba ya ami na ndani ya kibanda hakuna wa kumwuliza, lakini kati ya kibanda na bahari kuna mwendo wa dakika kumi.

Karatasi nyingine zimekwisha kukusanywa. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu sharti ifikie euro 30,000. Kwa siku tutakazolala kwa ami, yeye huenda katika ofisi ya manispaa yake kuchukua hati ya kuwapokea wageni. Kwa siku za kambi, risiti ya viwanja inatosha. Mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili apewe barua ya idhini. Fomu ya shangazi tumeijaza yote isipokuwa sahihi. Ameiweka ndani ya msahafu wake tangu Ijumaa iliyopita, na miadi yetu ya viza ni Jumatano ijayo. Jana usiku aliomba kuzungumza na ndugu yake peke yake, akaichukua simu akapanda nayo darini.