Gari Lililosahauliwa Uani



Wapendwa wanaparokia, juma hili twapenda kuwashirikisha jambo linalotuelemea moyoni. Mnaifahamu pikapu ya zamani ya parokia, ile ya petroli yenye kabureta. Masika yalipokata barabara ya kigango chetu cha mbali, tuliiegesha uani, tukawa tunavitembelea vigango vya karibu kwa pikipiki ya katekista. Mvua zilikwisha, barabara ikakauka, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuzoea. Miezi minne ikapita.

Usiku mmoja akaja kijana kutoka kigango kile: bibi yake alikuwa hoi, akiomba Mpako wa Wagonjwa. Pikipiki ilikuwa safarini. Tulichukua mafuta matakatifu na Ekaristi, tukaingia garini, tukazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zilififia, ikasikika tak-tak-tak, basi. Tukaamsha majirani wasukume, wapi! Tulipata bodaboda alfajiri. Tulipofika, bibi alikuwa amefariki saa moja kabla.

Watu wa nyumba ile hawakutulaumu. Walitupa kiti na chai. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Baada ya mazishi tulimwita fundi, nasi tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba injini imekufa. Akasema, "Baba Paroko, usimzike mgonjwa kabla ya kumpima."

Alianza na lililo rahisi. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, huonyesha volti 12.6 hivi, yetu ilionyesha 11.4. Vichwa vyake vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe wa kijani, unaozuia umeme kupita. Alifungua nyaya, akaosha vichwa hivyo kwa maji ya moto na magadi, akaikwangua mikanda ya nyaya hadi ing'ae, kisha akaipeleka betri kuchajiwa. Siku ya pili stata ilizungusha injini kwa nguvu, lakini haikuwaka.

Hapo sisi tungalinunua stata mpya. Yeye alisema stata imekwisha kutoa ushahidi wake. Sasa tuulize cheche na mafuta. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na petroli, nasi tukaiona cheche ya buluu. Yakabaki mafuta. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi huruka, na masalio huganda kama gundi katika vitundu vidogo vya kabureta. Ndiyo maana hata kusukuma hakukufaa. Alimwaga petroli ile, akasafisha kabureta, akatia mpya. Gari likawaka.

Hakuna kilichokuwa kimevunjika, ndugu zangu. Kila kilichotushinda usiku ule kilitokana na kukaa tu.

Mtume Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba karama aliyopewa yahitaji kuchochewa (rej. 2Tim 1:6). Tumelihubiri somo hilo mara nyingi. Sasa tumelisoma uani kwetu, na karo yake imelipwa na mwingine. Tumemtolea marehemu Misa Takatifu, nasi twaamini kwamba huruma ya Mungu haingoji gari. Lakini mchungaji hapaswi kuifanya huruma hiyo kuwa kisingizio chake.

Nawe uliyekaa miaka bila Kitubio, usiseme imani yako imekufa. Pima kwanza. Pengine ni ugomvi wa zamani ulioganda, kama unga ule. Pengine ni sala za utotoni ambazo hukuziongeza kitu. Anza na lililo rahisi: Baba Yetu moja, leo jioni.

Fundi ametuagiza tusiliwashe tu gari na kulizima, kwa maana kuwasha hula umeme mwingi. Liendeshwe walau nusu saa kila juma. Njia tunayo. Kila Jumamosi tutakwenda kigango kile, kuanzia nyumba ya msiba.

Mwenyezi Mungu awabariki. Tuombeane.

Paroko wenu