Kwanza Kliniki, Maswali Baadaye

Akina mama wa sharika nyingine wamekuwa wakituuliza: "Na sisi tuanzeje nyumba kama ile yenu ya Mtwara, ya kuwatunza wajawazito wasio na pa kwenda?" Wengi huanza kwa kuuliza habari ya fedha. Fedha ni shida, sikatai. Lakini shida iliyotangulia ilikuwa ulimi. Msichana mwenye mimba asiye na mume huogopa maneno ya wanawake kuliko anavyoogopa uchungu wa kuzaa.

Tulianza mwaka 2022, katika vyumba viwili vya nyumba ya zamani ya mwinjilisti, nyuma ya kanisa. Tulikuwa akina mama kumi na mmoja, na mmoja wetu ni muuguzi mkunga aliyestaafu. Kabla ya hapo wasichana walikuwa wakija kwetu mmoja mmoja usiku, kutoka mitaa ya mjini na kutoka vijiji vya Msimbati na Kilambo, kule Mto Ruvuma unakokaribia kuingia baharini. Wengine walikuwa wamekwisha kunyweshwa dawa za mizizi ili mimba itoke. Wengine walifukuzwa nyumbani wakiwa na kanga moja tu.

Tusidhani kwamba ni wachache. Utafiti wa afya wa Taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Mwaka 2015-16 walikuwa 27. Wamepungua, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Tukiketi ibadani na binti zetu, tuhesabu hadi tano.

Tulipopeleka shauri letu kwenye baraza la wazee, mzee mmoja alisimama akasema, "Akina mama, mnataka kanisa liizawadie dhambi?" Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema, naye ana mabinti. Mchungaji hakumkemea. Alifungua Injili ya Luka sura ya kwanza, akatusimulia habari za Mariamu, jinsi alivyokwenda kwa haraka mpaka nchi ya milimani, kwa Elisabeti. Akatuuliza, "Elisabeti alimwuliza nini kwanza?" Tukatafuta, tusilione swali la kumhukumu. Elisabeti alimbariki kabla hajaelezwa lolote, na Mariamu akakaa naye kama miezi mitatu. Hapo ndipo tulipopata kanuni yetu, nayo imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: kwanza kliniki, maswali baadaye.

Kanuni hiyo imeokoa maisha. Mwezi wa pili tangu tuanze, shangazi mmoja alimleta kwa bodaboda binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili. Tumbo alikuwa amelifunga kwa kanga ili lisionekane. Alikuwa akilalamika kichwa, na uso ulikuwa umevimba. Mama mkunga alimtazama mara moja, akasema, "Huyu haketi hapa. Twende Ligula sasa hivi." Hospitalini walimpima, shinikizo la damu lilikuwa juu sana. Kilikuwa kifafa cha mimba kinakuja, na wasichana wadogo wenye mimba ya kwanza ndio kinaowapata zaidi. Laiti tungemketisha kumhoji baba wa mtoto ni nani, saa ile ingepotea. Alijifungua salama, mtoto wa kiume.

Kwa hiyo, mama unayetaka kuanza, elewa kwamba nyumba hii si hospitali. Hatutoi dawa wala hatuzalishi. Kazi yetu ni kumshika mkono msichana mpaka kliniki na kumrudisha: apimwe damu, shinikizo, kaswende na virusi vya UKIMWI, apate vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Zamani tuliambiwa mahudhurio manne yanatosha. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri manane. Mtoto wa watu asiye na nauli atafikaje mara nane, tena wakati wa masika barabara zikiwa tope? Ndiyo sababu wale wa mbali tunawaomba waje kukaa kwetu wiki za mwisho.

Kazi yenyewe si ngeni huku kusini. Wabenediktini walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao inajulikana mpaka leo. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika upande wa Masasi, akajenga hospitali ya misheni Lulindi na kufundisha wauguzi wa hapa hapa. Baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, kuanzia 1975 hadi 1980. Bibi zetu walizalia katika majengo ya namna hiyo, Wakristo kwa Waislamu. Nasi hatuulizi dini. Pwani hii majirani zetu wengi ni Waislamu, na binti wa Kiislamu akija ana mkeka wake wa kuswalia.

Sasa nije kwenye fedha. Kila mama huleta kibaba cha unga au mchele Jumapili ya kwanza ya mwezi. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kila kaya inayovuna hutoa kilo moja kwa ajili ya nyumba. Mwenye shamba huleta muhogo, kisamvu na ming'oko; wa pwani huleta samaki. Kanga iliyochakaa tunaikata nepi. Usharika hulipa maji na umeme, na kununua vifaa vya kujifungulia. Hatujapata mfadhili, na nyumba haijafungwa hata siku moja.

Maswali yakifika wakati wake, huku kwetu anaitwa mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo ukizungumza na baba peke yake unaweza kurudi mikono mitupu. Tunakwenda wawili wawili, pamoja na kungwi aliyemcheza unyago binti huyo, kwa sababu neno lake linasikilizwa. Tunawaambia kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni. Wengine hawakuwa wamesikia.

Lipo jambo moja tusilokubali: kumalizana kifamilia. Sheria inampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30, kwa hiyo fedha hutolewa kimya kimya ili mdomo ufungwe. Tunampeleka binti kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa ajili hiyo tumepoteza marafiki. Binti mmoja wa miaka 15 jamaa zake walimchukua alfajiri, kabla hajaandikisha maelezo, na hatujamwona tena. Jina lake bado tunalitaja kila Ijumaa katika maombi.

Jioni moja, tukichambua mchele wa nyumba ile, binti yangu wa miaka 17 aliniuliza, "Mama, ningekuwa mimi, ungenipokea hivyo hivyo?" Baba yake alikuwa akisikiliza taarifa ya habari, akapunguza sauti ya redio. Nikamwambia, "Ningelia, mwanangu. Kisha ningekupeleka kliniki." Baba yake akaongeza, "Mimi ningelipa bodaboda." Tukacheka wote watatu. Lakini tangu siku ile mwanangu hunieleza mambo ambayo zamani alimweleza shoga yake.

Basi, mama mwenzangu, usingoje jengo wala mfadhili. Tafuta mkunga mmoja mstaafu, chumba kimoja chenye kitanda na chandarua, na namba ya dereva anayeamka usiku. Nenda kwa mganga mkuu wa wilaya na afisa ustawi wa jamii, wajue mnafanya nini. Kisha kubalianeni ninyi akina mama kwamba habari za msichana yeyote hazitavuka kizingiti cha nyumba ile kwenda kisimani wala sokoni. Mkiweza hilo, mengine Mungu atawasaidia.