Tumuombee dua ipi?



Baada ya Ijumaa hapa Iringa, mzee mmoja aliniuliza: "Shekhe, Mdude Nyagali tumuombee kama aliye hai au kama maiti?" Nikanyamaza. Mwanaharakati huyu alichukuliwa nyumbani kwake Mbeya usiku wa kuamkia Mei 2, 2025, damu ikabaki nyuma.

Fiqhi inamwita mtu kama huyu mafqudi. Haswaliwi, harithiwi; mkewe si mjane, wala hakuachwa. Sayyidna Umar alimpangia mke wa mafqudi miaka minne ya kungoja.

Anayengoja kapangiwa muda. Anayejua alipo hakupangiwa hata siku moja. Kuficha ushahidi ni dhambi.

Nilimjibu mzee: tumuombee arudi. Na wewe unayejua, sema.

Wallahu a'lam.