Pangaboi la zamani lililopita juu ya ziwa letu

Anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Musoma huingia Wilaya ya Busega akiwa na ziwa mkono wa kushoto na mashamba ya pamba, mahindi na mpunga mkono wa kulia. Hapo ndipo Mkoa wa Simiyu unapoligusa Ziwa Victoria, na Mwamanyili ni mojawapo ya kata za huko. Makao makuu ya mkoa yako mbali, Bariadi. Watu wa upande huu macho yao huelekea zaidi Ghuba ya Speke, kwa dagaa na sangara, na kwa upepo wa ziwa jioni.

Mara kwa mara kindege cha watalii hupita kikielekea Serengeti. Watoto hukimbia uwanjani na kukipungia mikono. Wachache wao wanajua kwamba karibu miaka mia moja iliyopita, ndege ya abiria iliyotoka mbali ilikuwa ikikata angani juu ya maji hayahaya, na kwamba mwisho wa safari yake ulikuwa Mwanza.

Ilikuwa mwaka 1931. Tarehe 28 Februari mwaka huo, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Si Nairobi, si Dar es Salaam. Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini zilitumika ndege za majini zilizoitwa Short Calcutta, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini tatu, na tumbo lililoundwa kama mashua ili litue juu ya maji. Zilifuata Mto Nile, zikapitia Malakal na Juba, zikaingia ziwani Port Bell karibu na Kampala, zikatua Kisumu, kisha zikavuka kuja kwetu. Kutoka Kisumu hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 300 kwa mstari ulionyooka. Ndege ile ilikwenda kama kilometa 150 tu kwa saa, mwendo ambao dereva wa gari dogo barabarani akiufikia, trafiki humsimamisha. Ndani mlikuwa na viti 15.

Mtu aliyeketi dirishani alikuwa na zaidi ya saa mbili za kulitazama ziwa kutoka kimo ambacho mitumbwi bado inaonekana. Aliona visiwa, aliona Ukerewe, aliona ghuba ikifunguka kuelekea mashariki hadi pwani ya Busega. Abiria wa leo anayepita juu ya mawingu kwa ndege ya jeti haoni hata nusu ya hayo.

Heshima hiyo ya Mwanza haikudumu. Mwaka 1932 safari iliongezwa hadi Cape Town. Barua zilianza kwenda Januari, abiria wakafuata Aprili, na njia ikachepuka Kisumu kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Ilipofika 1937, ndege kubwa zaidi za majini ziliondoka Kisumu na kukata moja kwa moja kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ziwa la kusini likabaki na hadithi. Ndivyo njia za usafiri zilivyo. Kituo kilichokuwa mwisho wa dunia leo, kesho hakimo hata kwenye ratiba.

Wazee wanaokumbuka ndege za abiria za zamani, kwa kawaida wanakumbuka za baadaye, za East African Airways. Shirika hilo lilianzishwa 1946, likawa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likavunjika 1977 pamoja na Jumuiya. Kwa miaka mingi kazi yake ya ndani ilifanywa na Dakota, yaani DC-3, hadi Fokker Friendship zilipoanza kuingia mwaka 1962 na kuchukua sehemu ya kazi hiyo. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 850 angani. Kwa Dakota hizo ni zaidi ya saa tatu, bila kuhesabu vituo vya njiani.

Siku hizi Watanzania huita ndege yoyote ya aina hiyo pangaboi, na wengine husema kwa dharau kidogo, kana kwamba jeti ndiyo ndege na hii ni feni. Dharau hiyo Dakota haistahili. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, zikatengenezwa zaidi ya 10,000 kwa sababu ya vita, na baada ya vita zikauzwa kwa bei ya chini hadi zikaenea kila pembe ya dunia. Nyingine bado zinaruka. Huko Sweden chama cha wapenda ndege kinaitunza moja iliyotengenezwa 1943, jina lake Daisy, na wanachama wake hupanda. New Zealand wanayo Catalina, ndege ya majini iliyotengenezwa Kanada mwaka 1944, ambayo kabla ya kufika huko iliwahi kubeba watalii hapa Afrika kutoka Cairo hadi Maporomoko ya Victoria, chini ya Mfaransa Pierre Jaunet, ikiifuata njia ya ndege za majini za zamani.

Kupanda Dakota ni jambo la mwili mzima. Ndege hiyo ikiwa chini husimama kwa kuegemea gurudumu dogo la mkiani, pua ikiwa juu. Mlango uko nyuma, kwa hiyo abiria akishaingia lazima apande mlima kwenda kwenye kiti chake, akishika viti kama anayepanda kilima cha mawe. Kisha injini. Pangaboi la upande mmoja huzunguka polepole mara kadhaa, kama trekta lililolala nje msimu mzima, halafu injini hukohoa na moshi wa oili hutoka kwa wingi kiasi cha kumtia mgeni hofu. Si hitilafu. Silinda 14 zimepangwa kwa duara, na oili hujikusanya kwenye zile za chini ndege ikiwa imelala. Moshi ukiisha, mlio hutulia na kuwa mzito, na mtetemo wake huufikia mgongo wa kiti.

Wakati wa kuruka, mkia huinuka kwanza. Abiria aliyekuwa ameegemea nyuma hujikuta ameketi sawa, ndege bado iko ardhini, na ndipo magurudumu huachia. Hewa ya ndani haikandamizwi kama kwenye ndege za sasa, hivyo rubani hubaki chini. Masikio huziba na kuzibuka, baridi hupenya, na mchana wa jua kali ndege hurukaruka juu ya ardhi yenye joto. Mzazi mwenye mtoto mdogo ampe kitu cha kutafuna au kunyonya wakati wa kupanda na kushuka, amvike sweta, na kama kuna nafasi ya kuchagua, achague safari ya asubuhi.

Lakini familia itauliza swali moja kabla ya yote hayo, na ni haki yao kuliuliza. Je, ni salama?

Watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa uzito wa swali hilo. MV Bukoba ilizama Mei 1996. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliokufa ni 19, na wavuvi walikuwa wa kwanza kufika. Ile haikuwa ndege kongwe. Kwa upande wa zile kongwe zenyewe, tarehe 4 Agosti 2018 ndege aina ya Junkers Ju 52 iliyotengenezwa 1939 iligonga mlima Uswisi ikiwa na watalii, na wote 20 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba marubani waliingia kwenye bonde jembamba wakiwa chini mno. Walikuta pia kutu na kasoro za matunzo, ingawa si hizo zilizoiangusha.

Jibu basi haliko kwenye umri peke yake. Mtu wa Mwanza haulizi MV Victoria ilizaliwa lini. Iliingia majini miaka ya 1960, na baada ya ukarabati mkubwa ilirudi kazini 2020. Anauliza ilikarabatiwa lini, na nani, na kama kuna maboya ya kutosha. Maswali hayohayo ndiyo ya kumuuliza mwenye Dakota: fundi wako ni nani, vipuri unavipata wapi, rubani ameirusha ndege hii kwa muda gani, na ukiona hali ya hewa imebadilika unaahirisha au unajaribu? Mwenye ndege akikasirika kwa kuulizwa, mtoto asipande. Nauli ikipotea na ipotee.

Kutoka Mwamanyili hadi Sweden ni mbali, na kwa familia inayosubiri bei ya pamba hiyo si safari ya kupanga wiki hii. Kilicho karibu ni uwanja wa Mwanza na pangaboi za sasa. Mabawa ya ATR na Dash 8 yako juu ya madirisha, kwa hiyo hayazuii chochote chini. Dakota ni kinyume: bawa liko chini ya miguu, na anayeketi katikati huona bati na misumari tu. Waliozoea huenda kuketi nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako dirisha liko wazi hadi ardhini.

Safari ikiisha, abiria huteremka kwa kushika kingo za viti, maana sakafu imeinama tena. Masikio yanaendelea kuvuma hadi usiku, na nguo zinanukia oili. Mafundi wanakuwa wameshaweka trei za bati chini ya injini, kila moja na yake, kukinga matone.