Lugha ya Maneno 38

Watu wa rika langu tukikutana barazani, iwe Mikindani au Mtwara mjini, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye simu za mkononi. Tunalaumu kwamba zimewafunga watu midomo. Nyumba nzima inakaa kimya, kila mmoja ameinamia kioo chake. Malalamiko hayo yana ukweli wake na sina nia ya kuyapinga. Ninachotaka kumsimulia msomaji ni habari ya mtu mmoja ambaye kioo hicho hicho kilimpa njia ya kusema, wakati ulimi wake umekwisha kulala. Njia yenyewe ni mchezo wa karata uitwao briji.

Sisi wa kusini si wageni wa karata. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja karibu na mlango wa mto Ruvuma, miaka michache baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975, jioni zetu zilikuwa za wahedi wa sitini. Jina lenyewe linaeleza shabaha yake: ni moja na sitini, na upande utakaofikisha alama hizo ndio ulioshinda. Wanacheza watu wanne, wawili kwa wawili. Mara kwa mara walikaa nasi watu waliovuka mto kutoka ng'ambo, wengine Kiswahili chao kikiwa cha kuokoteza. Lakini ukitaja kopa, shupaza, uru na pau, hakuna aliyehitaji mkalimani. Majina hayo tuliyapata kwa Wareno, ambao husema copas, espadas, ouros na paus, na hata turufu yetu ni trunfo yao. Mto ule umetenganisha mambo mengi, lakini karata haikuzitenganisha.

Mwenzangu wa upande mmoja katika mchezo huo alikuwa mwalimu niliyesoma naye chuo cha ualimu. Huko chuoni mkufunzi mmoja Mwingereza alitufundisha wisti nyakati za mvua, na baadaye tulipopangiwa kazi mkoa mmoja tuliendelea kukaa meza moja kwa zaidi ya miaka 30. Yeye naye alipata kuwa mwalimu mkuu. Hata baada ya kustaafu tuliitana "Mwalimu Mkuu", kwa utani wa kupandishana vyeo visivyokuwapo tena. Alikuwa na ishara zake: akikuna sikio, ujue ana ree ya turufu, akikohoa, ana mfalme. Wapinzani walizijua ishara hizo vizuri kama sisi, na wao walikuwa na zao.

Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ulipooza, na maneno yakapotea. Binti yake alimchukua kwake Mbagala, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Nilipokwenda kumwona alinitazama sana, akafungua kinywa, likatoka neno moja ambalo hulirudia kwa kila kitu. Waliokuwamo chumbani walizungumza habari zake mbele yake kama watu wazungumzavyo juu ya mtoto aliyelala. Mimi niliyatazama macho yake, na sikuamini kwamba amelala.

Briji niliijua kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Uingereza. Alipokuja likizo aliniwekea programu iitwayo Bridge Base Online, ambayo ilianzishwa mwaka 2001 na Fred Gitelman, Mkanada aliyekuwa mchezaji hodari. Kuanza si kazi. Unajichagulia jina lolote, si lazima liwe lako halisi, kisha unaweza kujizoeza ukiwa peke yako, mashine ikishika nafasi za wale watatu. Mashine haina haraka wala haichoki, na ukifanya upuuzi haimwambii mtu. Nilikaa nayo miezi mitatu, daftari pembeni, kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo habari haitaeleweka. Karata 52 hugawiwa wanne, kila mtu 13. Namna za kupata karata 13 ni 635,013,559,600, kwa hiyo asitokee mzee kusema ameziona zote. Kabla ya kutupa karata hufanyika mnada. Watu wa Mtwara tunaijua minada. Tangu korosho zilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007 hatujui lugha nyingine ya bei, na tangu msimu wa 2024 hata mnada wa korosho umehamia kwenye kompyuta. Katika briji kinachonadiwa ni ahadi: kwamba mimi na mwenzangu tutachukua mizunguko mingapi kati ya 13, na turufu ikiwa ipi. Anayenadi "moja kopa" anaahidi mizunguko saba, "nne shupaza" ni mizunguko kumi, na kuendelea hadi saba. Zipo ahadi 35. Ongeza "napita", "naongeza maradufu" na jibu lake, unapata maneno 38. Mpangilio huu wa ahadi na alama ulitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini.

Katika mnada maneno hayo 38 ndiyo lugha yote. Hakuna kukuna sikio wala kukohoa. Sheria inakataza kabisa kumpa mwenzako habari kwa njia nyingine, na kwenye simu huwezi hata ukitaka. Zaidi ya hayo, makubaliano yenu ya siri hayaruhusiwi: wapinzani wana haki ya kujua kila neno lenu lina maana gani. Kwa maneno hayo machache na ya wazi unatakiwa kumweleza mwenzako ulichonacho mkononi, naye akueleze. Usiku mmoja nikiwa mezani nikawaza kwamba mbele ya mchezo huu watu wote ni mabubu, na yule rafiki yangu wa Mbagala asingekuwa na upungufu wowote.

Nilimwomba binti yake amwekee programu ile. Alisita. Alisema, "Baba mkubwa, hata rimoti ya televisheni huwa inamsumbua." Akaiweka kwa heshima tu. Nikawa ninatuma sauti kwenye simu, dakika tano kila asubuhi, kama kipindi cha shule: ree ni alama nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja; ukiwa na 12 au 13 unaweza kufungua mnada. Yeye hakuweza kujibu. Sikujua kama ninafundisha au ninahutubia ukuta. Wiki ya tatu nilimwalika mezani dhidi ya watu tusiowajua, bendera zao zikionyesha mmoja yuko Poland na mwingine Uturuki. Kidole gumba cha kushoto kilichelewa, lakini kikafika. Aliandika moja, akaandika uru.

Miezi ilipita tukicheza Jumanne na Ijumaa baada ya isha. Kisha ikaja karata ambayo nimeihifadhi. Yeye alifungua kwa "moja shupaza", maana yake ana shupaza tano au zaidi. Mimi nilikuwa na shupaza nne, ree mbili na alama 18. Ipo namna ya kuuliza ree, iliyobuniwa na Easley Blackwood, Mmarekani, katika miaka ya 1930: unanadi "nne bila turufu", na mwenzako anajibu kwa hesabu. "Tano pau" ni hana hata moja, "tano uru" ni moja, "tano kopa" ni mbili. Hili hatukulijua chuoni wala barazani. Nilikuwa nimemfundisha kwa sauti mara mbili tu, wiki kadhaa kabla. Niliuliza. Kioo kikakaa kimya muda mrefu, kisha kikaja: tano kopa.

Ree zote nne zilikuwa zetu. Nikanadi sita shupaza, mizunguko 12 kati ya 13. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeitaja shupaza kwanza, mchezo ulikuwa wake. Katika briji mwenzake mchezaji hulaza karata zake wazi mezani na kunyamaza, na mchezaji huamuru mikono yote miwili. Waingereza humwita bubu, Wafaransa humwita marehemu. Basi usiku ule bubu nilikuwa mimi, naye akaamuru. Alizichukua 12 kamili. Yule wa Poland akaandika pongezi.

Nayasimulia haya kwa sababu wakati huo huo ndugu walikuwa wameanza kuzungumza habari ya shamba lake la mikorosho, bara huko Newala. Hoja ilikuwa kwamba akili zake zimekwenda, kwa hiyo ukoo uamue kwa niaba yake, na mnunuzi alikwisha patikana. Mwezi Agosti 2023 kikaitwa kikao Mbagala. Nilipanda basi.

Nilipopewa nafasi nilifungua simu. Programu ile huhifadhi kila mchezo, kila karata na kila neno la mnada, pamoja na tarehe. Nilieleza kama nilivyokuwa nikieleza darasa la saba: huyu mtu alijifunza jambo jipya baada ya kuugua, akalikumbuka, akalitumia mahali pake. Mzee mmoja wa ukoo alisema sikuja kutetea mgonjwa, nimekuja na kamari. Nilimjibu kwa adabu kwamba hakuna senti iliyowekwa. Kijana mmoja aliyesoma uhasibu aliomba simu, akaitazama kwa muda, akasema, "Hii si bahati."

Nikaomba tumwulize mwenyewe. Niliandika vikaratasi vitatu: kuuza, kukodisha, kuacha kama lilivyo. Nilimsomea kimoja kimoja na kuviweka mbele ya mkono wake wa kushoto. Aligusa "kukodisha". Mdogo wake akasema amebahatisha. Ni hoja halali. Mwalimu yeyote anajua mtoto anaweza kupata jibu kwa kubahatisha. Nikavichanganya, nikavipanga upya, nikamsomea tena. Akagusa "kukodisha". Mara ya tatu alinitangulia, nikiwa sijamaliza kusoma, na akakiondoa kile cha "kuuza" mezani kwa upande wa kiganja, kikaanguka chini.

Shamba limekodishwa tangu msimu ule. Mdogo wake hajaridhika, na tukikutana msibani tunasalimiana tu. Usemi wa rafiki yangu haujarudi, na wala sitaki msomaji adhani karata ni dawa ya kiharusi. Mazoezi ya mguu yamemsaidia kuliko mimi. Sasa anafika mlangoni kwa mkongojo.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Jumanne yake nilikaa na simu hadi saa nne usiku nikitazama meza isiyofunguka. Baadaye binti yake aliniambia kwamba baba naye alikaa hivyo hivyo, akakataa kulazwa, na kwamba kwa mara ya kwanza alikuja kuketi karibu yake akamwuliza ule mchezo unachezwaje. Siku hizi mezani kuna jina jipya ambalo mara nyingine hushika nafasi ya mpinzani. Ananadi kwa pupa, kama vijana wote.

Ijumaa iliyopita baba yake alinadi tatu pau kwa karata ambazo mimi ningepita bila kufikiri mara mbili. Mizunguko tisa ilitakiwa. Aliipata yote tisa.