Upinde wa Mtu Nisiyemjua

Wichita, Kansas

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kura imepigwa na jina nililopangiwa limefika. Utaratibu wetu sisi tunaochonga pinde kwa mapenzi ni uleule: kila mmoja anapewa jina la mwenzake, anamchongea upinde kimyakimya, na mwenye kuchongewa hajui ni nani anayemhangaikia mpaka mzigo umfikie mlangoni. Mimi nimempata mama mmoja wa Vermont. Kuhusu yeye ninajua machache aliyoandika kwenye karatasi yake: anavuta kwa mkono wa kushoto, anavuta inchi 26, anapenda kutembea msituni akilenga shabaha, na hataki upinde uzidi ratili 35 kwa kuwa bega lake lilifanyiwa upasuaji.

Nimeyasoma hayo mara kadhaa. Kila neno ni kipimo. Usiku huu nimechora urefu wa inchi 62, ncha hadi ncha: mrefu wa kutosha kwa inchi zake 26 bila kuuchosha mti, mfupi wa kutosha kupita kwenye vichaka.

Jumapili, 7 Septemba

Nimechagua pande la mti. Lilikuwa darini tangu majira ya baridi ya mwaka juzi, ncha zake zimepakwa gundi ili zisipasuke kwa kukauka upesi. Ni osage, mti ambao wakulima wa hapa Kansas huuita kwa jina la ua wa shamba, maana ndiyo kazi uliyoletewa. Kwao hasa ni bonde la Mto Red, huko Texas, Oklahoma na Arkansas. Katika karne ya 19 wakulima waliupanda kwa mistari mirefu, miiba yake izuie ng'ombe. Halafu Joseph Glidden akapata hataza ya waya wa miiba mwaka 1874, na haja ya ua wa miti ikapungua. Mistari mingi ingalipo, na mzee aliyenipa gogo hili alikuwa anang'oa mmoja mpakani mwa shamba lake.

Wafaransa waliokuta wenyeji wakiutumia waliuita mti wa upinde. Hawakukosea. Ni mzito, hauozi kwa urahisi, na unavumilia kubanwa kuliko miti mingi ninayoijua.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo kutwa nzima nimefuata pete moja.

Upande wa upinde unaotazama shabaha, yaani mgongo, ndio unaonyooshwa upinde ukivutwa. Upande unaomtazama mpigaji, tumbo, unabanwa. Ukikata nyuzi za mti mgongoni, upinde utavunjikia hapohapo. Ndiyo maana mgongo mzima, kutoka ncha hadi ncha, lazima uwe pete moja ya mwaka isiyotobolewa mahali popote.

Kwanza nilitoa gome, kisha mti mweupe wa nje, mpaka ile rangi ya manjano kali ikajitokeza. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila pete ina matabaka mawili: la majira ya kuchipua, lenye vitundu na la kumeguka, na la kiangazi, gumu na la kung'aa. Kisu cha mipini miwili kikipita kwenye vitundu kinakwaruza, unakisikia mpaka kwenye viwiko. Kikigusa mti mgumu sauti inakatika, kinateleza. Basi unakwenda kwa sikio: ukisikia mkwaruzo, endelea, ukisikia kimya, acha. Nimezima redio ili nisikie vizuri.

Kwenye mkono wa juu wa upinde kuna kifundo kidogo. Pete inakipanda kama njia inavyopanda kilima, nami nimepanda nayo kwa ncha ya kisu. Hapo nitaacha upana zaidi pande zote mbili ili nyuzi zipate pa kupitia.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimerudi kwenye habari za Ishi. Ni yule Myahi aliyetokea peke yake karibu na Oroville, California, mwaka 1911, baada ya watu wake kuuawa na kumalizika. Alipelekwa San Francisco, na huko daktari mpasuaji Saxton Pope akajifunza kwake kuchonga na kupiga upinde. Ishi alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu chake cha kuwinda kwa upinde, na watu wengi wa Marekani wanaochonga leo wameifikia kazi hii kupitia mlango huo.

Kinachonigusa ni vipimo vyake. Urefu wa upinde aliupata kwa kuulaza mti kiunoni upande mmoja hadi kwenye mkono ulionyooshwa upande wa pili. Upana aliupima kwa vidole: vinne kwa upinde wenye nguvu, vitatu kwa ulio mwepesi. Hakuhitaji futi kamba, mwili wake ulikuwepo. Mimi mwili ninaouchongea uko mbali, umenifikia kwa tarakimu, na kazi yangu ni kuziheshimu tarakimu hizo kama vile mwenyewe amesimama hapa karakanani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya kusawazisha mkunjo. Upinde umekaa ukutani kwenye kigingi, kamba imeshuka hadi kwenye kapi sakafuni na kurudi mkononi mwangu, mizani ya ndoano iko katikati. Ninavuta kidogo, ninatazama, ninalegeza, ninakwangua, ninavuta tena. Sharti moja halivunjwi: usivute kupita mno uzito unaoutaka mwishoni, hata kama upinde haujapinda nusu ya safari.

Unene ndio wenye amri. Ukipunguza upana kwa nusu, ugumu unapungua kwa nusu. Ukipunguza unene kwa nusu, ugumu unabaki sehemu moja ya nane. Utepe mwembamba kama karatasi unaonekana kwenye mizani.

Mwanangu alikaa kwenye ndoo akitazama.

"Baba, huku kushoto kumekauka."

"Wapi hasa?"

"Baada ya mshiko, kama shubiri moja. Hapapindi kabisa."

Alikuwa sahihi. Jicho lililokaa mbali huona mkunjo mzima. Nikapatia alama ya penseli, nikakwangua hapo tu, tukavuta tena, na mkono wa kushoto ukaanza kufanya kazi sawa na mwenzake.

Jumamosi, 1 Novemba

Ratili 40 kwenye inchi 26. Unavutika vizuri, mikono yote miwili inapinda kwa ulaini, na rafiki aliyepita jioni alinisihi niuache hivyo. Alisema upinde wenye nguvu una heshima.

Ninaielewa kauli hiyo. Kwetu Kitui tulikua tukisikia sifa za Waata wa upande wa Tsavo, waliowinda ndovu kwa pinde ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzivuta. Upinde mzito humsifia anayeuvuta na aliyeuchonga pia. Lakini huyu mama hakuniomba sifa, aliomba upinde ambao bega lake litaukubali asubuhi nzima. Zawadi inayomfaa mtoaji kuliko mpokeaji ni mzigo uliofungwa kwa utepe. Nimekwangua mpaka mizani ikasoma 34.

Jumapili, 16 Novemba

Mishale mingi imepita leo uwanjani nyuma ya nyumba. Nimechonga pa kupitishia mshale upande wa kulia, kwa kuwa yeye atashika upinde kwa mkono wa kulia. Mshiko nimeupunguza unene, nikaufunga ngozi laini. Tumbo nimelichunguza kwenye mwanga wa taa, inchi kwa inchi, nikitafuta zile nyufa za kubanwa zinazokaa kama mikunjo midogo ya ngozi. Hakuna. Upote nimeusokota mwenyewe, wa akiba nimeuweka pembeni. Mafuta ya tung yameanza kuingia. Manjano inageuka dhahabu, na miaka ya jua itaifanya kahawia.

Jumatatu, 1 Desemba

Umekwenda posta ndani ya bomba la plastiki, ncha zote zimezibwa.

Nimetia barua. Usiuache na upote wake ukimaliza kupiga. Usiachie upote bila mshale. Usimpe mtu anayevuta kupita inchi 26, hata akiwa ndugu. Usiusahau ndani ya gari wakati wa joto. Nimemweleza pia kile kifundo cha mkono wa juu, jinsi pete inavyokizunguka, ili akikigusa kwa kidole asidhani ni kasoro.

Kisha nimemwambia kwamba akiuona mshiko mnene, aupige msasa. Akitaka kuupaka rangi, aupake. Hahitaji ruhusa yangu. Kitu nilichomwomba ni kimoja: asiutundike ukutani. Nimeuchonga kwa kipimo cha mkono wake ili uvutwe, na nitafurahi zaidi nikisikia umechakaa kwa kutumika kuliko nikisikia bado unang'aa.